Kizimkazi kwenda na kurudi siku moja: tazama mwezi kwanza

Ndugu uliyeuliza kama unaweza kutoka Mjini Unguja asubuhi na watoto, ukawaonyesha kijiji cha wavuvi, mkarudi kabla ya magharibi: mnaweza, na mimi nakushauri Kizimkazi, kusini mwa kisiwa. Nimekwenda mara nne. Ila kabla ya kuchagua siku, tazama mwezi.

Safari ya kwanza nilifika saa nne asubuhi, siku mbili baada ya mwezi mpevu, nikitaka chombo cha kwenda kuona pomboo. Lilikuwa bamvua, siku za mwezi mpevu au mwandamo ambapo maji hujaa sana na kutoka sana. Maji yametoka mbali, mashua zimelala ubavu mchangani. Nahodha mmoja mtu mzima akaniambia, "Mwanangu, keti, maji yatarudi." Nikaketi, na nashukuru. Kina mama waliteremka mwambani na vijiti vyao kuchokoa pweza, wakiniita nitazame tundu nisiloliona hata nikionyeshwa. Kwa hiyo ukitaka watoto waone pweza akitolewa, nenda siku za bamvua. Ukitaka kutoka baharini asubuhi, subiri maji mafu, siku za nusu mwezi ambapo maji hayatoki mbali. Na kusi, upepo wa kusini wa katikati ya mwaka, ukivuma sana, usiwapandishe watoto chomboni hata ukibembelezwa.

Kuhusu pomboo, elewaneni na nahodha kabla ya bei: hamtaki kufukuza. Azime mashine, mkae mbali, waje wenyewe. Nimeona vyombo sita vikimkatia njia mama na mtoto wake, na iliniuma. Hadi katikati ya miaka ya 1990 pomboo wa huku walivuliwa kuwa chambo cha papa. Leo wanaleta riziki wakiwa hai, basi tusiwachoshe.

Msikiti wa Dimbani, sehemu ya Kizimkazi, usiupite. Kwa nje ni ukuta mweupe na mabati, lakini kwenye kibla mna maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Bado watu wanasali humo, hivyo jisitirini, mwombe mtunzaji ruhusa, msiingie wakati wa sala.

Daladala la mwisho la kurudi liulizie pale pale unaposhuka. Na chukua kapu: vyombo vikirudi samaki hunadiwa pwani, na samaki aina ya changu niliyemnunua pale nilimpaka nazi usiku ule ule.