Fidia si ya nyumba peke yake
Ndugu, umeuliza kama wakitwaa kiwanja chako kupanua barabara utalipwa nyumba tu. Hapana, ilimradi hukujenga ndani ya hifadhi ya barabara (ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara). Kwa kanuni za fidia za mwaka 2001 hapa Tanzania, ardhi yenyewe inalipwa kwa bei ya soko, na juu yake posho ya usumbufu, usafiri (kusomba tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20) na pango la miezi 36. Una duka? Dai na faida utakayopoteza. Tafadhali usitie sahihi fomu ya uthamini kabla hujahakiki kila chumba, choo na mwembe. Mama yangu mdogo kisima chake kilirukwa. Malipo yakichelewa kupita miezi 6 tangu ardhi itwaliwe, dai riba.