Dodoki linatoa maua tu? Usilikate bado

Dada wa Kigoma uliyeuliza: umesema dodoki lako limefunika ukuta mzima, linachanua kila siku, maua yote yanapukutika bila tunda, na mumeo anataka kulikata. Mwambie asubiri. Mimi niko Tabora, Isevya, napanda madodoki nyuma ya nyumba mwaka wa sita sasa, na mwaka wa kwanza nilishika panga kwa sababu hiyohiyo.

Maua ya mwanzo karibu yote ni madume. Yanatoka kwa kishada kwenye kikonyo kirefu, linafunguka moja leo, jingine kesho, kisha yanadondoka. Ndivyo yalivyo. Ua jike hukaa peke yake, na ukiliinamia utaona chini ya petali za njano kuna kidodoki cha kijani, chembamba kama kidole cha mtoto, kipo hata kabla ua halijafunguka. Kwangu majike yalichelewa wiki tatu nzima.

Sasa kama majike yapo ila vidodoki vinageuka njano na kunyauka, ujue chavua haijafika. Hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa napuliza dawa ya wadudu saa 2 asubuhi, na dodoki hili laini hufungua maua alfajiri, kwa hiyo ndiyo saa ya nyuki. Mzee jirani yangu, ana mizinga yake Sikonge, alinikuta na bomba mgongoni akaniambia, "Mwanangu, unaua washenga halafu unangoja harusi?" Tangu siku hiyo sipulizi maua yakiwa wazi, na nikilazimika basi ni jua likizama. Nyuki wakiwa wachache nachuma ua dume lililofunguka, nalibandua petali, naligusisha katikati ya ua jike mpaka nione unga wa njano umebaki pale. Nafanya hivyo kabla ya saa 3 asubuhi. Kidodoki kikianza kunenepa baada ya siku chache, kimeshika.

Halafu hiyo yurea unayoweka kila wiki mbili, acha. Inakujengea majani. Samadi iliyooza vizuri inatosha.

Dodoki la kusugulia linataka miezi 5 hadi 6 tangu mbegu iingie ardhini. Ndiyo maana huku napanda Novemba, mvua zikishaanza, mbegu nikiwa nimezilowesha usiku kucha kwa sababu ganda lake ni gumu. Mvua zikikata kuelekea Mei, madodoki yanakaukia palepale yanaponing'inia. Mwaka mmoja nilipanda Februari, kiangazi kikanikuta na vitunda vichanga, nikabeba ndoo za maji mpaka Agosti.

Ukuta wako ni mzuri, ila likivuka juu liwekee kichanja cha nguvu. Changu cha kwanza kilikuwa cha kamba na fito nyembamba, kikaanguka usiku mmoja wa Januari kwa upepo na mvua. Yaliyolala kwenye tope yalioza, yaliyonusurika yakapinda. Sasa natumia nguzo za mkaratusi na waya, na mamumunya yanapanda hapohapo. Maboga nayaacha chini yatambae, pasheni ina uzio wake kwa kuwa hiyo ni ya miaka.

Madodoki yakizidi, chuma machanga ya urefu wa kiganja, menya, upike na nyanya na kitunguu. Ni mboga tamu kabisa. Ya kusugulia usiyaguse mpaka yawe ya kahawia, ukiliinua moja mkononi uzito wake umeisha na mbegu zinacheza ndani. Libonyeze ganda lipasuke, libandue, kung'uta mbegu za kupanda mwakani, kisha suuza. Litatoa povu kama lina sabuni. Badilisha maji mpaka povu liishe, anika juani.

Kesho saa 1 asubuhi pita ukutani, tazama nyuma ya kila ua, uniandikie umekuta majike mangapi.