Weka kipaza sauti chini: niliyojifunza kwenye warsha za kujiamini kwa wanafunzi

Warsha yangu ya kwanza niliiharibu ndani ya dakika kumi. Niliingia na kipaza sauti, nikawasimamisha watoto mistari, nikawaambia waitikie: "Mimi naweza! Mimi siogopi!" Wakapiga kelele hadi vioo vya madirisha vikatikisika. Mimi huyo nikachekelea, nikidhani kazi imekwisha. Kisha nikamwita mbele msichana mmoja aliyekuwa kimya, nikamkabidhi kipaza sauti, nikamwambia ajitambulishe. Akavuta kola ya sweta mpaka ikamfunika mdomo. Nikamhimiza. Wenzake wakaanza kucheka, kwanza chini kwa chini. Akaangua kilio, akatoka mbio, na mwalimu wake akamfuata. Nikabaki nimesimama mbele ya watoto sitini ambao muda mfupi tu nyuma walikuwa wakiapa kwamba hawaogopi kitu.

Wengi wanaotaka kuanzisha warsha kama hizi huniuliza kwanza habari ya maneno: niwaambie nini watoto ili wajiamini? Kusema kweli, karibu hakuna. Mtoto hajiamini kwa sababu ameambiwa ajiamini. Hujiamini akishafanya jambo dogo, likafaulu, na yeye mwenyewe akaona limefaulu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alilieleza hili mwaka 1977. Alitaja vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba anaweza, na kilichobeba uzito kuliko vyote ni kuwahi kufanikiwa. Baada yake kuna kuwaona wenzako wakiweza, kuna maneno ya kutiwa moyo, na kuna jinsi mtu anavyousoma mwili wake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimejenga warsha nzima juu ya maneno, tena ya kupigiwa kelele.

Kwa hiyo nikaanza upya na jambo dogo kabisa: kuzungumza na mtu mmoja. Si darasa zima, wala kikundi cha watano. Mmoja.

Zoezi ninalolipenda kuliko yote halihitaji kitu zaidi ya karatasi na penseli. Watoto wawili wanakaa wakipeana mgongo. Mmoja ana mchoro rahisi: nyumba, jua, mti. Mwenzake ana karatasi tupu. Wa kwanza aeleze, wa pili achore, na hairuhusiwi kugeuka. Raha yake utaiona ndani ya dakika moja. "Chora duara." "Wapi?" "Hapo juu." "Juu wapi?" "Hapo! Hapo hapo!" Na huku anaonyesha kwa kidole, kidole ambacho mwenzake hawezi kukiona. Mwishoni wanageuka, wanalinganisha karatasi, na mlango wa nyumba uko juu ya paa. Wanacheka mpaka machozi, lakini safari hii wanachekea mchoro, hakuna anayechekwa.

Hapo ndipo ninapouliza swali langu la pekee: ni neno gani lingekusaidia? Wanalitaja wenyewe. "Angesema upande wa kulia." "Angesema kubwa kama sarafu." "Ningemuuliza kabla ya kuchora." Hilo la mwisho ndilo ninalolisubiri, kwa sababu nusu ya mawasiliano ni ya msikilizaji anayethubutu kusema sijaelewa. Warsha nyingi nilizoziona hufundisha kuzungumza tu, kana kwamba kila mtoto atakuja kuwa mgombea wa uchaguzi. Mtoto anayeweza kumwambia mwalimu "hapo sijaelewa, naomba urudie" amepata kitu atakachokitumia kesho asubuhi.

Baada ya wawili wawili, nawaunganisha wanne. Hapa nina kanuni moja: humwelezi mtu habari zako, unaeleza habari za mwenzako. Mtoto mwenye haya hupata ahueni kubwa anapomzungumzia mwingine, na yule anayezungumziwa hukaa wima akisikia amesikilizwa vizuri. Kusimama mbele ya darasa lote hakuji kabla ya wiki ya nne, na hata hapo ni kwa hiari. Ndiyo maana sikubali tena warsha ya siku moja. Vipindi sita vya dakika arobaini na tano, mara moja kwa wiki, vina faida kuliko siku nzima ya shamrashamra. Shule ikisisitiza siku moja, huwa nawaambia kwa heshima watafute mtumbuizaji.

Sasa nije kwenye jambo lililonigharimu miaka kulijifunza: kunyamaza. Mtafiti Mary Budd Rowe, aliyechunguza masomo ya sayansi katika shule za Marekani miaka ya 1970, alikuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kama sekunde 1 tu kabla ya kuingilia. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yakawa marefu, na watoto waliokuwa hawajibu kabisa wakaanza kujibu. Sekunde tatu zinasikika kama si kitu. Jaribu kuzikaa mbele ya darasa lililotulia, utaona zilivyo ndefu. Mimi huweka mikono nyuma na kuhesabu kwa vidole mpaka tano. Mara nyingi sauti inatoka kwenye kidole cha nne, na inatoka kwa mtoto ambaye sikumtarajia.

Kwa mwenye kigugumizi, kunyamaza huko ndiyo heshima yenyewe. Usimmalizie neno. Usimwambie "tulia, vuta pumzi", anajua kupumua. Mtazame kama unavyomtazama mwingine yeyote, sikiliza anachosema badala ya anavyokisema, na wenzake watakuiga.

Kuhusu mwili: usimwambie mtoto asiogope. Moyo unaenda mbio, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, na wewe unamwambia hakuna kitu! Atakuona mwongo. Nawaeleza kwamba hiyo ni adrenalini, mwili unajiandaa kwa kazi, na mimi mwenyewe ninayo wakati huohuo. Kisha nawaambia waweke miguu yote miwili chini na wapeleke sauti yao kwa aliyekaa mwisho kabisa, kama wanaomrushia mpira. Picha ya mpira inafanya kazi kuliko "ongea kwa nguvu," ambayo huzaa kelele tu. Na suala la kutazamana machoni silisukumi. Wapo ambao kumtazama mtu machoni kwao ni mzigo kuliko hotuba yenyewe. Paji la uso linatosha.

Kwa wakubwa kidogo, wa miaka kumi na tatu kwenda juu, tatizo si sauti bali ni hofu ya kutazamwa. Hawa nawasimulia jaribio ambalo Thomas Gilovich na wenzake walilichapisha mwaka 2000. Walimvalisha mwanafunzi wa chuo fulana yenye picha ya mwimbaji Barry Manilow, ambayo kwa vijana wale ilikuwa aibu tupu, wakamwingiza kwenye chumba chenye wenzake. Aliyevaa alikadiria kuwa karibu nusu ya waliomo wameiona picha hiyo. Walioiona ni kama robo. Vijana hupenda kisa hiki, ingawa sidanganyi kwamba kinawaponya. Kinawapa tu neno la kuambiana: "Ni fulana hiyo, endelea."

Kicheko cha kejeli nakimaliza siku ya kwanza, kabla hakijatokea, na sikimalizi kwa vitisho. Nawaachia watoto waandike sheria wenyewe, kisha mimi ndiye ninayekuwa wa kwanza kukosea mbele yao. Nasimulia kitu, napoteza neno katikati, nakaa nacho, naendelea. Wakiona mkubwa amekwama na dari halijaanguka, kazi inapungua.

Sifa pia zina ufundi wake. "Hongera, umefanya vizuri sana!" ni peremende, inaisha mdomoni. "Nimependa ulivyonyamaza kidogo kabla ya kutuambia paka alikuwa wapi" ni kitu ambacho mtoto anaweza kukirudia wiki ijayo.

Walimu wa shule huwa ama msaada mkubwa ama kikwazo. Mwalimu akisimama nyuma ya darasa amekunja mikono, watoto watazungumza naye yeye, si wenzao. Nilimkaribisha mmoja wa aina hiyo afanye zoezi la mgongo kwa mgongo na mwanafunzi wake. Mwalimu akachora, mwanafunzi akaelekeza. Mlango wa mwalimu nao ukaenda juu ya paa. Sikuhitaji kusema zaidi. Na mkubaliane naye mapema kuhusu lugha: kama lugha ya masomo si ile watoto wanayochezea, waache waanze na ya kuchezea. Wengi wanaoitwa waoga wanatafuta msamiati tu.

Kuna jambo moja zito. Ukiwafungulia watoto mlango wa kusema, siku moja mmoja atakuambia kitu kizito, pengine kuhusu kuumizwa. Kabla ya kipindi cha kwanza, ujue ni nani hasa pale shuleni anayeshughulikia ulinzi wa watoto. Usimwahidi mtoto kwamba utaificha siri hiyo, kwa sababu huwezi. Msikilize bila kumhoji kama mpelelezi, mwambie amefanya vyema kusema, na upeleke habari kwa anayehusika siku hiyohiyo. Na tafadhali, acheni yale mazoezi ya "simulia maumivu yako mbele ya wote". Wewe unaondoka na begi lako, yeye anabaki na wenzake wanaojua.

Kupima matokeo sitegemei fomu za kuchorewa vikaragosi vinavyotabasamu. Nina daftari lenye majina, na kila mtoto anaposema jambo kwa hiari namwekea mstari mmoja. Mara ya kwanza kufanya hivyo nilishtuka: watoto watano walikuwa wamebeba karibu mistari yote, na mimi nilitoka chumbani nikiamini darasa zima limechangamka.

Kwenye kundi langu la mwisho kulikuwa na mvulana ambaye hakuwa na mstari hata mmoja kwa wiki sita. Alichora, alisikiliza, aliinua kichwa kila mtu alipozungumza, basi. Siku ya mwisho wenzake walipokwisha kutoka, alibaki akinisaidia kupanga viti. Nikakaa kwenye kimoja ili nifunge begi. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwalimu, hicho kina mguu mbovu." Nikasimama. Mguu ulikuwa umeshikwa na msumari mmoja. Nikafungua tena begi, nikatoa daftari, nikamwekea mstari wake.