Maswali ya Wasomaji: Gari Linalotetemeka Linapokanyagiwa Mafuta

SWALI: Mhariri, gari langu ni la gia otomatiki na huvutwa na magurudumu ya mbele. Nikiwa kati ya kilomita 40 na 70 kwa saa, nikikanyaga mafuta kwa nguvu, hasa ninapopanda mlima, sakafu na usukani hutetemeka. Nikiachia pedali, mtetemo hukoma papo hapo. Magurudumu nimekwisha kuyafanyia balansi, na matairi ni mapya, lakini hali ni ile ile. Fundi sasa anashauri tufungue giaboksi. Je, nikubali?

JIBU: Usikubali bado, kwa sababu barua yako yenyewe imebeba nusu ya jibu. Gurudumu lisilo na balansi hutikisa gari kwa kufuata kasi, mguu uwe kwenye pedali au usiwepo. Mtetemo unaozuka injini inapovuta mzigo na kukoma mzigo unapoondolewa hutoka kwenye njia inayopitisha nguvu, yaani injini na mauntini zake (vishikizo vya mpira na chuma vinavyoifunga kwenye gari), giaboksi, na shafti zinazozungusha magurudumu pamoja na jointi zake, yaani viungo vyake. Kabla ya yote, hakikisha leo hii kwamba nati za magurudumu zimekazwa vizuri, kwa kuwa nati iliyolegea huleta mtetemo na ni hatari isiyongoja uchunguzi.

Katika gari la namna yako, dalili ulizozieleza huelekeza kwanza kwenye jointi ya ndani ya shafti, ile iliyo upande wa giaboksi. Mara nyingi jointi hiyo huwa na rola tatu zinazoteleza ndani ya mifereji mitatu ya kikombe cha chuma. Rola hizo hukaa karibu mahali pale pale kila siku, na kwa miaka mingi huchimba vishimo kwenye kuta za mifereji. Basi injini inapovuta kwa nguvu, rola hukwama na kuachia badala ya kuteleza, na gari husukumwa kushoto na kulia mara tatu kwa kila mzunguko wa shafti. Hii ndiyo sababu jointi ya ndani hutetemesha gari linapokwenda moja kwa moja, ilhali jointi ya nje ikichakaa kwa kawaida hugonga "ta-ta-ta" unapokata kona.

Mwombe fundi ainue gari, alisimamishe juu ya stendi imara, kisha ashike shafti karibu na giaboksi. Ikisogea kidogo kuingia na kutoka, hilo ni jambo la kawaida, kwa sababu jointi hiyo imeundwa iteleze; ikicheza juu na chini, imechakaa. Aangalie pia mpira unaoifunika: ukichanika, grisi hurushwa na kutapakaa kwenye vyuma vya jirani, na vumbi na maji huingia. Jointi iliyokwisha kuchimbika haiponi kwa kuongezewa grisi.

Mauntini za injini zikaguliwe siku hiyo hiyo, na hapa ndipo mafundi wengi hupita haraka mno. Mauntini iliyokatika huiacha injini ilale, pembe ya shafti hubadilika, na hata jointi mpya hutetemeka na kuchakaa kabla ya wakati wake. Hali kama hiyo huwapata pia walioliinua gari lao kwa kuongeza vipande juu ya springi.

Ili kujua kama kosa ni la injini au la shafti, tafuta barabara tupu, dumisha mwendo ule ule unaoleta mtetemo, kisha shusha gia moja. Mizunguko ya injini itapanda ilhali magurudumu yakizunguka kama mwanzo. Mtetemo ukibadilika pamoja na injini, kagua plagi, koili na mauntini. Ukibaki ule ule, rudi kwenye shafti. Taa ya injini ikiwaka au kumetameta, soma kwanza makosa yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari.

Giaboksi hushukiwa kwa haki pale mtetemo unapotokea ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu, kwa mwendo usiobadilika, na kufanana na kupita juu ya matuta madogo madogo ya lami. Mguu wa kulia ukiendelea kukanyaga mafuta, gusa breki kidogo sana kwa mguu wa kushoto: katika magari mengi klachi iliyo ndani ya konveta (kifaa kinachopitisha nguvu ya injini kwenda giaboksi kwa njia ya mafuta) huachia, na mtetemo ukikoma hapo, kinachofuata ni kukagua mafuta ya giaboksi, si kuifungua. Wewe hukueleza dalili hiyo.

SWALI: Pikapu yangu huendeshwa na magurudumu ya nyuma. Tangu ilipobadilishwa krosi (viungo vya umbo la msalaba) za propela shafti, ile ndefu inayopeleka nguvu nyuma, hutetemeka kuliko zamani. Krosi ni mbovu?

JIBU: Huenda ni nzima. Uma za ncha mbili za shafti, yaani mikono inayoshika krosi, zinapaswa kuelekeana, kwa sababu krosi ikiwa katika pembe huharakisha na kupunguza mzunguko mara mbili kwa kila duara, na krosi ya pili ndiyo inayofuta kasoro ya ya kwanza. Shafti ikichomolewa kwenye meno yake na kurudishwa ikiwa imekosea hata jino moja, ulinganifu huo hupotea. Mwambie fundi atazame mpangilio wa uma kabla ya kununua chochote, kisha akague beringi ya katikati ikiwa shafti yako ni ya vipande viwili. Safari nyingine, shafti itiwe alama ya rangi kabla ya kufunguliwa.