Re: Je, kila dhoruba ni hasira ya Mungu?

Ndugu, umeuliza kama Zaburi 29 inamaanisha kila dhoruba ni hasira ya Mungu. Mimi sioni hivyo. Hesabu "sauti ya Bwana" humo: mara 7, kama ngurumo zinazofuatana, na mierezi ya Lebanoni inavunjika. Wakanaani walimwona mungu wao Baali kuwa mwenye radi na mvua. Mshairi anampokonya cheo hicho na kumpa Bwana. Tena mstari wa 11 unaishia kwenye amani, si adhabu.

Halafu soma Marko 4:39, Yesu anapotuliza dhoruba baharini. Kitenzi cha Kigiriki cha kuinyamazisha bahari ndicho kilekile alichoambiwa pepo mchafu katika Marko 1:25. Hapo dhoruba inakemewa kama adui.