Nyani hawana mfalme, na maswali mengine yenu

"Mfalme wa kundi la nyani anachaguliwaje?"
Jamani, swali hili tena! Hachaguliwi, hayupo. Kuna dume aliye juu kwa sasa, kafika hapo kwa meno na ubabe, na cheo chenyewe mara nyingi hakidumu, anakuja mwingine anamshusha. Tena kwa kawaida huyo dume ni wa kuja, kazaliwa kundi lingine akahama alipopevuka. Wenye kundi ni majike, wanazaliwa hapo wanazeekea hapo, na binti anarithi nafasi chini tu ya mama yake, ndo maana unaona kitoto cha mama mwenye cheo kinamsogelea jike mzima anayechimba mizizi na yule anainuka anampisha, wala hajaguswa. Na mdogo mtu akikua huwa anampita dada yake! Nyani wa Amboseli, kule Kenya, wanafuatiliwa na watafiti tangu 1971, sio stori za vijiweni hizi.

"Sokwe naye ni nyani?"
Hapana. Angalia mkia, sokwe hana.

"Mbona wanatoana chawa kutwa, ni wachafu?"
Kupe wanatoa kweli, ila pale pia ndo urafiki unajengwa. Hukohuko Amboseli, utafiti uliotoka 2003 ulionyesha majike wenye ukaribu mzuri na wenzao watoto wao wanapona zaidi. Nyie endeleeni kumwangalia dume.

"Tumbili wana lugha?"
Lugha kamili sisemi, milio yenye maana wanayo. Mwenzao akipiga mlio wa kuonya kuna chui, wanapanda mitini. Wa tai, wanatazama juu au wanajitosa vichakani. Wa nyoka, wanasimama miguu miwili wanachungulia nyasi. Watafiti waliwachezea milio hiyo kwa spika iliyofichwa, matokeo yakachapishwa 1980, tumbili walifanya vilevile na hakuna adui yeyote pale. Watoto wanakosea, hata jani likidondoka wanaweza kupiga mlio wa tai.

"Nyani dume alinipigia miayo, alikuwa amechoka?"
Amechoka wapi, alikuonyesha chonge! Akipiga miayo huku anakukazia macho na zile kope nyeupe zinaonekana, maana yake ondoka. Usimchekee. Usikimbie, rudi nyuma polepole. Na kama ulishika ndizi basi uliyataka, maana nyani aliyezoea kulishwa anaacha kuogopa watu, kesho ananyang'anya, keshokutwa anapigwa risasi yeye wakati aliyemlisha kashaondoka na picha zake.