Muulize Fundi: Shaba nayo huchoka?

SWALI: Fundi, shikamoo. Kaka yangu yuko Marekani, hushindana kulenga shabaha kwa bastola na hujaza upya maganda ya risasi mwenyewe. Yameanza kupasuka mdomoni. Kwa nini? – Msomaji, Isevya, Tabora

JIBU: Marahaba. Ganda ni shaba ya njano: takriban asilimia 70 shaba nyekundu, 30 zinki. Likifyatuliwa hutanuka; wakati wa kulijaza upya, kalibu (kifaa cha chuma cha kulirudishia umbo) hulibana, mdomo hupanuliwa, kisha hubanwa tena kwenye risasi. Shaba ikifinywafinywa ikiwa baridi huwa ngumu, mwisho hupata ufa. Nayaona hayo kila siku kwenye bangili ninazofua hapa mtaa wa Ng'ambo: usipoipasha moto katikati ya kazi, inakatika.

Lakini kaka yako asikimbilie moto! Kitako cha ganda kikilainika hakihimili shinikizo la baruti. Anaweza kuumia vibaya. Ganda la bastola lililonyooka halirefuki kama la bunduki lenye shingo, kwa hiyo kulipunguza urefu si kazi kubwa. Aangalie tundu la fataki (kiwashio cha baruti kilichoko kitakoni): fataki ikiingia kwa ulaini mno, ganda hilo limekwisha. Na ayatikise machache kiganjani. Mazima hulia kwa sauti kali. Lenye ufa hutoa sauti butu, nalo alitupe.